Mpwa Wangu Ametangaza Uhuru

Juzi makato ya simu, jana umeme, leo asubuhi kabla sijasukutua mdomo mpwa wangu amenitangazia uhuru. Kwangu. Mimi ambaye sijawahi kutawala hata kuku.

Mnijue vizuri. Mimi ni mstaafu, karani wa stoo miaka 31, mtu wa suruali ya mkunjo. Kiinua mgongo kilipotoka wenzangu walinunua kuku wa mayai, wakafa (kuku, si wenzangu), mimi nikanunua bajaji nikampa mtoto wa dada yangu. Hesabu 15,000 kwa siku, Jumapili ya kwake. Msiniulize kama inafika yote. Kuna siku inafika 9,000 na maelezo.

Leo saa moja kasoro akasimama mlangoni na kuzima injini. Hapo hapo ningeshtuka, maana bajaji ile haizimwi ovyo. Ikizimwa, kuwaka kwake mpaka isukumwe. Nyuma kulikuwa na mama mmoja wa migebuka, ametoka nayo mwaloni Kibirizi, hapa hapa Kigoma, anawahi soko la Mwanga, beseni limekaa mapajani, maji ya samaki yanachuruzika kwenye kiti nilichokishonesha upya mwezi uliopita tu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hesabu?"

"Mjomba, leo nimekuja kwa mazungumzo ya kimkakati."

Mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Nikavuta kigoda, nikakunja nne, nikasema endelea, kwa sauti ile niliyokuwa nikiwapokelea wakaguzi.

Akatoa simu. Kumbe usiku kucha amesoma habari za ndege, kwa bando la hesabu yangu. Anasema huko Marekani kulikuwa na shirika la mikoani, Atlantic Coast Airlines, likirusha vijindege kwa niaba ya lile kubwa la United. Rangi za United, tiketi za United, jina la United ubavuni. Wao kazi yao kuleta ndege na rubani. "Yaani deiwaka, mjomba. Kama mimi hapa." Mwaka 2003 deiwaka akasema basi, nimechoka kuvaa shati la mtu. Wakatangaza kuwa watasimama wenyewe, nauli nafuu, kituo chao uwanja ule ule wa Dulles karibu na Washington waliokuwa wakimfanyia bosi kazi.

"Sawa," nikasema. "Na hao hesabu walikuwa wanapeleka kiasi gani?"

Akababaika. Akasogeza simu juu, akasogeza chini. Ikabidi aseme ukweli: walikuwa hawapeleki hesabu. United ndiye aliyekuwa akiwalipa wao, kwa kila safari waliyoruka.

"Hata ndege ikienda na watu watatu?"

"Hata watatu, mjomba. Viti vitupu vilikuwa hasara ya bosi."

Nikanyamaza. Nikaitazama bajaji yangu. Miaka yote hii nimejiona mimi ndiye bosi! Nikamwambia mwanangu, deiwaka ya namna hiyo ukiisikia mahali nishtue, ubosi nauacha leo leo.

Mama wa migebuka akaingilia kutoka kiti cha nyuma. "Sasa waliacha kwa nini?"

Kumbe United alikuwa amefilisika, tangu Desemba 2002 yuko mahakamani kujikinga na wadai wake, na mtu aliye mahakamani huanza kupunguzia wenzake. Akataka kuwalipa pungufu.

"Hapo walikuwa na haki," akasema yule mama, huku akinitazama mimi. Sijui nimemkosea nini. Hata jina lake silijui.

Mpwa akapata nguvu. Akasoma masharti yake, ameyaandika nyuma ya karatasi ya sigara. Moja, hesabu igeuke mkataba, alete kwa siku mpaka miezi 18, chombo kiwe chake. Mbili, nauli ya Mwanga kwenda Ujiji ishuke, badala ya 1,000 iwe 700, ili avunje soko. Tatu, jina jipya, maana na wale Wamarekani walilitupa la zamani wakajiita Independence Air.

"Jina jipya la nani?"

Hakujibu. Nikainuka nikazunguka nyuma. Pale kwenye turubai, mahali ambapo fundi aliniandikia kwa rangi nyekundu RIZIKI MAFUNGU SABA, maneno niliyoyalipia, pamebandikwa stika ya manjano: HURU EA – NAULI NAFUU. Na chini yake namba ya simu. Yake!

"Umebandua riziki yangu?"

"Sijabandua, mjomba. Ipo chini yake."

Ikanipanda. Nikasema, wewe unajitegemea kwa chombo cha nani? Tairi la mbele nani kanunua? Faini ya wiki ile kule Gungu nani kalipa? Uhuru gani huo unaanza na mali ya mjomba na mafuta ya mkopo? Majirani wakaanza kutoka na miswaki mdomoni. Jogoo wa jirani, ambaye hawiki alfajiri kama majogoo wa watu, naye akachagua saa hiyo hiyo.

Mama wa migebuka akagonga beseni kwa kifuniko. "Samahani wazee. Hiyo 700 inaanza leo?"

"Inaanza baada ya makubaliano," akasema mpwa wangu.

"Basi kubalianeni upesi, samaki hawana mkataba."

Nikamwambia mpwa, hebu soma habari mpaka chini. Akasema bando liliisha usiku hapo hapo kwenye kutangaza mpango. Nyie, mnaona? Mtu amesimamisha ukoo mzima kwa habari ambayo haijui ilipoishia! Nikamwita mjukuu wangu aje na simu yake, akasoma kama yuko darasani, kidole kwenye kioo.

Wakaanza kuruka tarehe 16 Juni 2004. Ndege zao ni zile zile vijindege vya viti 50. Wakubwa nao, United akiwemo, wakashusha nauli kuwakabili. Mafuta yakapanda. Wakaongeza Airbus za viti 132, lakini deni limeshawapita. Novemba 2005 nao wakaenda mahakamani, kama bosi wao. Tarehe 5 Januari 2006 wakaruka mara ya mwisho.

"Miaka mingapi hiyo?" akauliza mama.

"Mmoja na nusu," akasema mjukuu.

"Miezi 18," nikasema mimi, na nikaikodolea macho ile karatasi ya sigara.

Lakini kijana anabisha. Anasema wale walikosea hesabu, yeye hatakosea. Nikamwambia shida ni viti, mwanangu. Nauli ya chini inataka vichwa vingi. Mafuta ya kwenda Ujiji ni yale yale. Daladala inayagawa kwa watu 15 na wawili waliosimama, wewe unayagawa kwa watatu na yule unayemshona ubavuni mwako kinyume cha sheria. Ukiingia kwenye vita ya nauli na Haisi, yeye akishusha 200 ananuna kidogo, wewe unalala njaa. Akasema mimi nina fikra za zamani. Mama naye akasema fikra za zamani ndizo zinazopandisha nauli. Nikaona nimezingirwa.

Mimi hizo nauli nafuu za angani nazijua. Hata hapa nchini Fastjet walianza Novemba 2012, Dar kwenda Mwanga... Mwanza, samahani, ulimi umeshazoea bajaji. Mwanza na Kilimanjaro. Sisi wa mwisho wa reli tukabaki na reli yetu. Desemba 2018 nao wakasimama. Ndege ya panga boi nimepanda mara moja maishani, kwenda Dar kwenye msiba, ukoo umechanga kama harusi. Kwenye mizani begi langu la dagaa na galoni ya mawese likazidi kilo tatu, binti mwenye kucha ndefu akanitajia bei ya hizo kilo tatu nikadhani ananiuzia kiti kingine. Mawese nikayaacha kwa dereva teksi. Mpaka leo sijaiona hata galoni.

Basi mazungumzo yakaahirishwa, kwa sababu mama ameanza kusema mbele za watu kwamba migebuka ikilegea atatudai wote wawili. Mpwa akapiga stati. Kimya. Tena. Kimya. Mama akasema hashuki, beseni zito. Kwa hiyo mimi, mstaafu, na suruali yangu ya mkunjo, nikainama nyuma ya bajaji yangu mwenyewe, paji la uso likigusa HURU EA, nikasukuma kile kilima mpaka ikawaka na kunitemea moshi kifuani. Hata kugeuka hakugeuka. Alinyoosha mkono tu nje, kama rubani.

Hesabu hakuacha. Shati linanuka samaki. Na mke wangu yuko jikoni ananiuliza, kwa upole ule wake ninaouogopa, ilikuwaje beseni zima la migebuka likae nusu saa mlangoni kwetu nisinunue hata mmoja.