Mate ya Baraka

Kwetu kijana hachukui mke mpaka mjomba amtemee mate. Si yale mate ya dharau ya barabarani. Ni matone machache tu kwenye viganja vya wawili hao, na maneno mafupi ya baraka. Katika familia yetu kazi hiyo ni yangu. Nimeshawatemea wapwa wanne na hakuna ndoa hata moja iliyovunjika, jambo ambalo huwa nalitaja bila kuulizwa.

Sasa huyu wa tano.

Miezi michache kabla ya mahari yake, kibofu changu kilianza kichaa. Usiku naamka mara sita, na umeme wetu wa Katuba, hapa Lubumbashi, mnaujua, kwa hiyo mara zote sita ni kupapasa ukuta na kujigonga kidole kwenye ndoo. Darasani (nafundisha hesabu sekondari) naanza mlinganyo ubaoni, natoka mbio kabla sijafika kwenye jibu. Wanafunzi wakawa wananipimia muda. Daktari akapima sukari, akapima tezi dume, akatafuta maambukizi, hakukuta kitu. Akasema kibofu kina haraka tu, kinajikaza kabla hakijajaa. Akaniandikia oksibutinini, miligramu 5, mara 3 kwa siku. "Kinywa kitakauka kidogo," akasema.

Kidogo!

Kibofu kilitulia, sitaisingizia dawa. Siku ya nne nililala mpaka asubuhi, mke wangu akanitikisa kuhakikisha kama niko hai. Lakini ulimi uligeuka kipande cha kandambili. Ukigusa juu ya kinywa unanata, na kuubandua kunatoa mlio. Bukari, yaani ugali wetu, ikifika kooni inasimama kama lori lililoishiwa mafuta. Basi nikawa nakunywa maji, chupa baada ya chupa, na maji hayo yanaenda wapi? Kulekule. Yaani nameza kidonge ili nisikojoe, kidonge kinaleta kiu, kiu inaleta maji, maji yananirudisha chooni. Hesabu hiyo mwalimu mwenyewe imenishinda. Habari za choo kikubwa naziacha. Wiki nzima hazikunihusu.

Mahari ilikuwa Jumamosi moja ya Oktoba, kule Ruashi. Anayeijua Lubumbashi anaijua Oktoba yake: mvua inatishia tu, jua linachoma mpaka mbwa wanagombania kivuli cha gari. Chini ya turubai kila mtu anajifuta kwa leso, wakwe wanang'aa kama wamepakwa mawese. Mimi nimo ndani ya suti nzito, tai mpaka kooni, na tone la jasho hakuna. Nimekauka kama kapenta, wale dagaa wa kuanikwa. Mama mmoja wa upande wa pili akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Angalia huyu muzee wao, hata jasho hana. Ni mutu kweli?" Kumbe kwa ndani nilikuwa nachemka kama sufuria iliyofunikwa.

Ikaletwa faktire, ndivyo tunavyoiita huku ile orodha ya mahari. Imeandikwa kwa mkono, na msemaji wa upande wa mume ndiye huisoma mbele ya watu. Nikaishika. Herufi zikaanza kuogelea. Nikaisogeza mbali, nikaileta puani, nikavua miwani, nikaivaa tena. Mjusi aliyekuwa ukutani kwa jirani nilimwona mpaka mkia. Karatasi mkononi ndiyo ukungu mtupu.

"Vitenge, piesi sita." Sawa. "Chumvi, mfuko mmoja." Sawa. Nikakaza macho. "Mbuzi... nane."

Kimya. Mpwa wangu akanivuta koti kwa nyuma. "Tatu, mjomba! Tatu!"

Nilitaka kuomba radhi, lakini ulimi ulikuwa umeshanata juu. Kilichotoka ni "mba... mba..." Msemaji wa wakwe, mzee mwerevu kuliko mbuzi wote wanane, akasimama haraka. "Aksanti sana, Papa! Sisi tuliandika tatu, lakini mzee mwenyewe ameona mtoto wetu anastahili nane. Tumepokea!" Vigelegele. Na vigelegele vikishapigwa, nani atavirudisha mdomoni?

Miaka 31 nafundisha watoto namba.

Kisha wakasema, mjomba abariki. Wakapiga magoti mbele yangu, viganja wazi. Nikainama, nikafyonza mashavu, nikawaza limau, nikawaza embe bichi lenye chumvi. Ptu. Hewa. Ptu. Hewa, pamoja na punje moja ya wali. Bibi harusi akafumbua jicho moja. Kwetu mjomba asipotoa mate, maana yake ana kinyongo. Dada yangu, mama wa kijana, alikuwa ameshika kichwa: "Kaka, ni ile mbuzi bado?"

Kando ya kiti kulikuwa na chupa ya Fanta. Nikajaza mdomo. Nia yangu ilikuwa tone moja, naapa. Ila midomo iliyokauka haijui kupima, na gesi nayo haina subira: ikatoka kama bomba lililopasuka. Shati jeupe la bwana harusi likapata, gauni la bibi likapata, na yule msemaji aliyeinama kuhakiki mate, naye alipata fungu lake. Hilo la mwisho silijutii. Bibi harusi ndiye aliyecheka wa kwanza. Shangazi yake akapaza sauti, "Baraka tamu!" na turubai zima likaanguka kwa kicheko.

Jumatatu nilikuwa kwa daktari. Akanieleza kwamba ujumbe unaoamrisha kibofu kijikaze ndio huohuo unaoamrisha mate, jasho, utumbo, na msuli wa jicho unapotazama karibu. Dawa ikishauziba, haichagui mlango. Habari ya suti ndiyo iliyomkunja uso, maana mtu asiyetoka jasho kwenye joto lile anaweza kuanguka. Akashusha dozi mpaka miligramu 2.5, mara 2. Nikamuuliza kuhusu mbuzi watano wa ziada. Akasema hao si idara yake.

Siku hizi naamka mara mbili, na mate yamerudi nusu. Juzi mpwa wa sita akanipigia: tarehe imepangwa, faktire atasoma mtu mwingine. "Wewe mjomba uje kubariki tu. Soda tumeshanunua. Ila bibi harusi anaomba safari hii iwe Sprite, kwa ajili ya gauni."