Upepo wa Tairi Haupimwi kwa Teke

Hivi nani aliwadanganya watu kwamba upepo wa tairi hupimwa kwa teke? Unafika kwa fundi pancha, unaomba upepo, jamaa hata geji hashiki. Anapiga teke moja, anatoa hukumu: "Bosi, limeshiba hili." Limeshiba nini, wali?

Namwonyesha stika ya kiasi cha upepo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Anacheka, eti Kijapani. Sawa, Kijapani, lakini 220 ni 220! Ni kilopaskali, kama PSI 32 hivi. Yeye ananinyooshea namba ya ubavuni mwa tairi: "Si wameandika 44?" Ndugu yangu, hiyo ni mwisho wa tairi kuvumilia. Hata kwenye lifti wameandika watu 8, mbona ukiwa peke yako husubiri wafike saba wengine?

Wauza matairi ya mtumba nao wana yao. "Jipya hili, limetoka Japani juzi." Natafuta zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 1813. Wiki ya 18, mwaka 2013. Mtoto aliyezaliwa wiki hiyo ameshaota ndevu, tairi bado jipya! Limepigwa dawa nyeusi linang'aa, ukilikunja kidogo unaona nyufa zinakuchekea.

Lakini mwenye nchi ni baba mkwe. Tunakwenda naye Morogoro, kabla hata ya Kibaha ameshaanza: "Mwanangu, punguza upepo, jua hili litapasua tairi." Baba, lenye upepo mdogo ndilo linalopasuka, ubavu unajikunja kila likizunguka mpaka linachemka. Ananijibu yuko barabarani tangu enzi za Mwalimu. Kweli, ila kama abiria.

Karibu na Chalinze, msumari. Usukani unavuta kushoto. Naachia mafuta taratibu, breki siikanyagi kwa pupa, naitoa gari nje kabisa ya lami mpaka penye ardhi ngumu. Hapo mzee anapaza sauti: "Simama hapahapa!" Hapahapa, na malori ya Tunduma yanapita yanatikisa mpaka vioo?

"Baba, naomba ushuke ukae kule mbali na barabara." Hashuki, kuna jua. Mpaka nizime kiyoyozi.

Washauri wakajaa. Wa bodaboda anasema inua jeki kwanza. Muuza mahindi naye inua kwanza. Nati hulegezwa gari likiwa chini, jamani! Ukishainua tairi linazunguka na spana, gari linacheza juu ya jeki. Na nati zenyewe zilikazwa na yule fundi wa teke kwa kurukia spana kwa miguu miwili. Nikavuta hendibreki, nikaweka jiwe nyuma ya tairi la upande wa pili, nikasukuma mpaka shati likachanika kwapani.

Pembetatu niliiweka nyuma huko, hatua nyingi. Baba mkwe hakuiamini hata kidogo. Kaingia porini, karudi na matawi, kayapanga mpaka katikati ya njia.

Tumemaliza, nayaokota niyatupe, yeye ameshakaa kiti cha mbele anapiga honi: "Yaache, mwanangu! Na wenzetu si watapata pancha?"