Chupa Moja Ilikataa Kuganda

Kisumu friza si ya nyama, ni ya maji. Fungua friza yetu hapa Migosi saa yoyote, utapata chupa za plastiki zimelaliana, zote zimeganda ngangari, kila mtu akitoka asubuhi anabeba yake inamyeyukia mdogo mdogo mpaka saa sita. Sasa katikati ya hizo chupa ndio nilikuwa nimeficha gin.

Niliihamishia kwa chupa ya maji kwa sababu anti yangu, dadake baba, alikuwa amekuja kukaa nasi kidogo, na huyo ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, chupa yenye imeandikwa pombe haiwezi simama mbele yake hata dakika. Halafu kuna sababu ya kitaalamu pia. Gin ya asilimia 40 haigandi kwa friza ya nyumbani, hata ikifika nyuzi 18 chini ya sifuri inakuwa tu nzito nzito hivi, na ukiimimina ikiwa baridi hivyo barafu ya kwa glasi haiyeyuki haraka, kinywaji hakigeuki maji maji. Nilikuwa nimealika marafiki Jumamosi jioni na nilikuwa serious bwana, tonic nimenunua, ndimu nimetoa Kibuye, sukari nimechemsha na maji ikawa sirapu ya kutengeneza gimlet, ile kokteli ya gin na ndimu. Negroni niliachana nayo nilipoona bei ya Campari, siwezi kukopa kwa ajili ya kokteli.

Mchana nikaenda kwa kinyozi. Huku nyuma mkutano wa akina mama ukahamishiwa kwetu ghafla, anti akaingia jikoni kutengeneza juisi ya passion na tangawizi, akataka maji baridi. Akafungua friza. Chupa ya kwanza jiwe, ya pili jiwe, anatikisa moja moja, zote kimya, mpaka akafika kwa moja ikamjibu chwa chwa chwa. Hiyo hapo! Baridi sana na haijaganda, Mungu akupe nini tena. Akaimwaga yote kwa juisi, mpaka tone la mwisho. Na kwa vile alilelewa vizuri, hajui kuacha chupa tupu kwa nyumba ya watu, akaijaza maji ya mtungi akairudisha pale pale alipoitoa.

Hayo yote sikuyajua. Mimi nilifika kwa geti nikaskia wimbo, ule wimbo wa matanga wenye huwa wanavuta mpaka unasinzia, leo unaenda mbio na makofi juu. Nachungulia, mweka hazina anahesabu michango, amehesabu akapata elfu tatu mia mbili, akarudia akapata elfu nne, na kila hesabu inapigiwa vigelegele. Mama mmoja mnene mpole, mwenye huwa hata salamu anakupa kwa kunong'ona, amevua viatu, leso ya kikundi ameifunga kiunoni, ananiambia nimekuwa mtoto mzuri sana. Nikauliza juisi, anti akasema, "Umechelewa baba, imeisha, leo ilipendwa ajabu."

Roho ikanidunda kidogo, nikaenda kuangalia friza. Chupa iko, imejaa. Nikatulia kabisa.

Saa moja akina mama walishaenda na boda zao, anti amelala na miwani usoni. Jamaa wakafika, mmoja wao ni yule tunamwita Profesa kwa sababu hakuna kitu hajui. Nikaanza kazi: glasi barafu mpaka juu, gin sehemu moja, tonic sehemu tatu, unaimimina polepole kwa ukingo ndio gesi isitoke, kipande cha ndimu. Niliona vijibarafu vidogo vikitoka na ile gin nikasema hii friza yangu kweli ni kali.

Profesa akanusa. Akafunga macho. "Mnaskia hiyo juniper, ile tunda inaipa gin harufu, hapo mbele? Halafu kuna giligilani inakuja kwa mbali." Akatueleza venye Waingereza kule India walikuwa wanachanganya kwinini na gin ndio uchungu ushuke, kwa hivyo sisi watu wa ziwani hapa tunajikinga malaria tu. Kwinini ya kwa tonic siku hizi hata mbu haimtishi, lakini nani atabishana na Profesa. Raundi ya pili mwingine akaanza kuongea kizungu, na huyo kizungu humtoka akilewa tu. Raundi ya tatu kuna mtu alikuwa anatafuta namba ya ex.

Mke wangu ndiye alikuja akajimiminia kidogo kavu, bila tonic. Akaonja. "Hii ni maji."

Kimya.

Profesa akasema gin safi ndivyo ilivyo, haina ladha ya kelele. Mke wangu akainua chupa kwa taa, akatuonyesha barafu inaelea ndani, akauliza, "Gin huganda tangu lini?" Hapo ndipo nikaskia anti anavyokoroma huko chumbani, na ule wimbo wa matanga ukanirudia kichwani na makofi yake. Mililita 750 kwa jagi za kama lita nne, piga hesabu mwenyewe, hiyo ni zaidi ya asilimia 7, na bia yetu ya kawaida ni kama 4. Yule wa kizungu akarudi Kidholuo papo hapo.

Asubuhi anti akatoka amejifunga kitambaa kichwani, akasema jua la jana lilikuwa mbaya. Akanywa chai kimya, kisha akaniangalia.

"Baba, hayo maji ya friza unayatia dawa kiasi gani?"

"Dawa?"

"Dawa ya maji. Yanachoma koo. Chupa ndogo hivyo unatia matone tu, wewe ni kama ulimwaga yote. Bahati nzuri tangawizi ilificha."

Nikamwambia pole anti, nitapunguza.

"Usipunguze sana," akasema. "Kipindupindu si mchezo."