Mdomo kukauka hakutokani na uvivu wa kunywa maji
Eti mwanamke anayetumia oksibutinini kwa mkojo wa kubana ghafla hukaukwa mdomo kwa sababu hanywi maji ya kutosha? Hapana. Dawa hiyo huzuia asetilikolini, kemikali ambayo neva za parasimpathetiki (zinazofanya kazi zenyewe bila sisi kuamua) hutumia kukaza kibofu. Tezi za mate na utumbo pia huitegemea, ndiyo maana hata choo kinakuwa kigumu. Mirabegroni, dawa nyingine ya tatizo hilohilo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012, hulegeza kibofu kwa njia ya simpathetiki, yaani neva zinazofanya kinyume cha hizo, kwa hiyo mdomo haukauki sana, ila presha ipimwe. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na kina mama wengi wananifikia wakiwa na vidonge tayari, hawajaambiwa lolote kuhusu kukaza misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayozuia mkojo, wala kuchelewesha haja kidogo kidogo. Huko kwenu mlianzishiwa nini?