Wali Unauzwa Peke Yake

Nimekula mara tatu katika mgahawa wa Kithai ulio mtaani kwetu, na mara zote tatu nimetoka tumbo limejaa lakini roho haijatulia. Jina la mgahawa silitaji. Wenyewe ni watu wa adabu, na kesho asubuhi nitapita tena mbele ya dirisha lao nikienda kupanda basi.

Mtaa wenyewe ni Roath, Cardiff, huku Wales, na huu ni mwaka wangu wa tisa hapa. Nilikozaliwa ni Ngamiani, Tanga. Nataja kwetu mapema ili msomaji ajue ulimi unaolalamika umelelewa na nini.

Mtu wa pwani akihamia Uingereza hukuta jambo ambalo hakulitegemea: jiko lililo karibu naye zaidi si la Waafrika wenzake. Jollof ya Wanaijeria naila na kushukuru, lakini haina nazi. Injera ya Wahabeshi ni tamu kwa wenyewe, mimi uchachu wake bado unanishinda. Jiko la Kithai ndilo lenye vitu vya nyumbani: tui, ukwaju, mchaichai, ndimu, pilipili, papai bichi. Ile saladi yao ya papai, som tam, hupondwa kinuni kwa mchi, na ndani yake hutiwa uduvi mkavu. Uduvi! Niliposoma hivyo kwenye menyu nilitaka kumpigia mama simu pale pale, nikakumbuka kwamba Tanga ni saa tano usiku.

Kwa hiyo sikwenda pale kama mtu anayejaribu vyakula vya kigeni. Nilikwenda kama anayewatembelea jamaa zake.

Mlangoni kuna kibandiko cha kijani chenye namba 5. Tangu 2013 sheria ya Wales inawalazimu wauza chakula kubandika alama yao ya usafi, kuanzia 0 hadi 5, mahali mteja anapoiona. Ukivuka kuingia England kubandika ni hiari, na mwenye alama ya 2 hana haraka ya kukuonyesha. Jambo hili nalipenda sana na ningefurahi likifika kwetu. Ila kibandiko kinapima usafi wa jiko. Hakionji chumvi.

Siku ya kwanza niliagiza mchuzi wa kijani wa kuku, pauni 13 na nusu, yaani zaidi ya shilingi elfu arobaini za Tanzania. Bakuli likaja, dogo, zuri kwa macho, jani moja limelala juu yake. Nikaonja. Sukari. Nikachota tena pembeni, labda nilikosea mahali. Sukari, na nyuma yake maji yenye harufu ya nazi.

Tui la kopo silo lililoniudhi. Hata mimi natumia kopo. Nani atakaa juu ya mbuzi akikuna nazi Wales mwezi wa Februari? Lakini kopo nalo lina namna yake. Sisi pwani tunatanguliza tui jepesi, chakula kiivie humo, tui zito linaingia mwishoni na hapo hutoki jikoni, unakoroga lisikatike. Wathai wao huanza na zito. Hulichemsha mpaka litoe mafuta, humo ndimo wanamokaanga viungo vilivyosagwa, kisha wanalegeza mchuzi. Njia mbili tofauti kabisa, na zote zinataka mtu asimame na mwiko. Lile nililopewa lilikuwa limemiminwa tu kama maziwa kwenye chai.

Kisha nikauliza wali uko wapi. Binti anayehudumu akanijibu kwa upole kabisa kwamba wali unaagizwa peke yake, pauni 3 na nusu.

Hapa naomba nikae kidogo, maana nikiwa mkweli, hili liliniuma kuliko sukari. Nimekulia katika mji ambao anayetupikia barabarani tumempa jina la ombi letu kwake: mama ntilie. Nitilie, mama. Nitilie mchuzi, nitilie maharage, hapo pembeni naona pamebaki nafasi, nitilie ukoko. Unalipia sahani, lakini sahani si mkataba. Mchuzi ukikauka kabla wali haujaisha unanyoosha mkono na hakuna anayeandika kitu. Huku mchuzi umepimwa, wali umepimwa, na kibakuli cha pilipili kina bei yake. Nafahamu kodi ya pango ni kubwa, na gesi na umeme vimepanda. Akili inafahamu. Mkono ndio hauelewi, bado unanyooka.

Siku ya pili niliagiza som tam. Karoti ilikuwa nyingi kuliko papai, uduvi haukuwapo. Tuiache hiyo.

Sisemi nyumbani ni peponi. Nimeketi katika mikahawa ya Tanga ambako ukutani wameandika kwa rangi vyakula kumi na tano, ukimuuliza mhudumu anakuangalia kama umemwamsha. Kuku? Hakuna. Samaki? Wameisha. Pilau? Ijumaa tu. Kuna nini? Kuna chipsi mayai. Nzi nao wana kiti chao. Maji ya kunawa unayaita mara tatu. Ningewapeleka wakaguzi wa Cardiff kule wiki moja tu, na vibandiko vyao.

Tofauti naiona kwingine. Tanga chakula kikiharibika, mpishi anaambiwa siku hiyo hiyo. Na haambiwi kwa hasira, maana sisi ni watu wa mafumbo. Mzee mmoja ataonja, ataweka kijiko, atauliza kwa sauti ya kusikika, "Mama, leo nazi ziliadimika sokoni?" Benchi zima litacheka. Mama atamjibu kwamba nazi zipo ila wateja wa mkopo ndio wamezidi, na hapo kicheko kinamrudia mzee. Lakini kesho yake tui litakuwa zito. Nimeliona hilo kwa macho yangu mara nyingi.

Huku mhudumu anakuja mezani, dakika tano baada ya kukuletea chakula, anauliza kama kila kitu kiko sawa. Anauliza kila meza. Na kila meza inajibu: kizuri sana, asante. Jirani yangu siku ile, mama wa makamo, alikuwa amesukuma tambi zake pembeni ya sahani kama mtoto anayekataa mchicha. Naye alijibu kizuri sana, tena akatabasamu. Nilimwangalia akivaa koti, nikajua akifika nyumbani atafungua simu na kuweka nyota 2. Watu wa huku wana adabu ya mdomoni ambayo mimi naiheshimu sana, barabarani na hospitalini imenifaa. Mezani inaua chakula. Mpishi anasikia sifa jikoni na lawama kwenye intaneti, kutoka kwa watu wasio na sura, na katikati hakuna mtu wa kumwambia kwamba sukari imezidi.

Kuna sababu nyingine pia, na si haki kumbebesha mwenye mgahawa peke yake. Serikali ya Thailand ilianza mwaka 2002 mpango wa kueneza migahawa yake duniani, na ina nembo, Thai Select, ya kuwatambua wanaopika kwa asili. Kwa upande wa Bangkok mlango uko wazi. Mlango wa London ndio umerudishwa: Aprili 2024 mshahara wa chini wa kumleta mfanyakazi mwenye ujuzi kutoka nje ulipanda kutoka pauni 26,200 hadi 38,700 kwa mwaka, na Julai 2025 ukapanda tena, huku wapishi wakiondolewa kwenye orodha ya kazi zinazoruhusiwa kwa waombaji wapya. Mgahawa wenye meza kumi utamtoa wapi mpishi wa Chiang Mai? Atapika aliyepo, kwa viungo vya ndoo, na atatia sukari kwa sababu sukari haijawahi kurudishwa jikoni na mteja.

Mara ya tatu nilikwenda na mke wangu na binti yetu. Nikaagiza massaman, mchuzi wa nyama na viazi wenye iliki, mdalasini na karafuu. Wengi husema jina lake limetokana na Waislamu, na kweli ukipikwa vizuri unaweza kudhani umetoka Pemba. Nyama ilikuwa laini, hilo nalisema. Karafuu sikuisikia. Binti yangu, mzaliwa wa hapa, alimaliza tambi zake zote na kuniuliza kwa nini uso wangu umekuwa hivyo.

Yule mhudumu akaja. Kila kitu kiko sawa? Nilikuwa nimejiandaa tangu nyumbani, sentensi nimeipanga njiani, fumbo kabisa la Kingamiani nililolibeba hadi kwenye Kiingereza. Nikafungua mdomo. "Kizuri sana," nikasema, "asante." Mke wangu aliinamia sahani yake ili asicheke.

Kwenye bili walikuwa wameongeza asilimia 12.5 ya huduma. Ni hiari, unaweza kuomba iondolewe. Lakini tangu Oktoba 2024 sheria inamtaka mwajiri awape wafanyakazi pesa hiyo yote, basi ningeiondoa ningekuwa nimemkata yule binti, ambaye hakupika chochote. Nikalipa yote.

Nimeazimia kurudi Alhamisi mchana, saa za watu wachache, mpishi akiwa na nafasi ya kusikiliza. Nitamwambia habari ya sukari, na habari ya uduvi kama atakuwa na muda. Mke wangu ameweka dau la pauni 5 kwamba nitajibu kizuri sana, asante, na amekataa kabisa nipunguze liwe pauni 2.