Mahamri Nanunua, Mbaazi Napika

Katika nyumba nyingi za Mombasa ninazozijua, chai ya asubuhi huchemshwa nyumbani lakini cha kunywea chai hiyo hutoka nje. Mtoto hutumwa na sahani na bakuli kwa jirani wa pili au wa tatu, hurudi na mahamri yangali moto na mbaazi zilizozama katika tui, na siku huanza. Ni desturi nzuri, nami nimelelewa nayo. Jambo ambalo sikuwahi kulifanya hata siku moja, mpaka nikapita umri wa miaka 40, ni kujiuliza desturi hiyo yatugharimu kiasi gani.

Swali lilikuja kwa lazima. Mimi ni karani katika kazi ya kutoa mizigo bandarini, na reli mpya ilipoanza kubeba makontena kuelekea Nairobi mwaka 2018, kazi nyingi za aina yetu zilihama kutoka Mombasa pamoja na mizigo yenyewe. Ofisi yetu haikufungwa, ila mishahara ilipunguzwa kwa thuluthi moja, na kwa mtu mwenye watoto watatu na mama mzee nyumbani, thuluthi hiyo ndiyo karo ya shule. Mke wangu alichukua daftari la kurasa 96 ambalo mwanetu alikuwa amelitumia nusu, akaligeuza upande wa pili, na kwa mwezi mzima tukaandika kila shilingi iliyotoka kwa ajili ya tumbo.

Nilitarajia kuona nyama na mchele vikiongoza. Kumbe waliotangulia ni wale ambao sikuwahi kuwahesabu kuwa ni wageni wa mfuko wangu: kitafunio cha asubuhi, ambacho kwa watu sita kilikula shilingi 250 kila siku, yaani 7,500 kwa mwezi, chipsi na soda za jioni, makaa ya kununua kwa mkebe, na mafuta ya kupimiwa dukani kila yanapoisha. Matumizi haya hayaonekani kwa sababu hayana siku yake ya soko. Hutoka kila siku, tena kwa sarafu, na sarafu hakuna anayeiwekea hesabu.

Mtu aliyepunguziwa mshahara huwa na bidii ya aliyeongoka jana. Nilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu hakuna kitu kitakachoingia nyumbani kwetu kikiwa kimeshapikwa. Mamangu alinitazama akasema, "Haya, tutaona nani atakayekanda." Aliyekanda alikuwa mke wangu.

Mahamri hayana njia ya mkato. Unga wa ngano hutiwa tui, sukari, hamira na iliki iliyopondwa, ukakandwa mpaka uache kushika mkono, ukaachwa uumuke, ndipo ukasukumwa, ukakatwa na kutumbukizwa katika mafuta yaliyoshika moto sawasawa ili kila kipande kifure na kuwa na uwazi ndani. Hesabu yote iko katika mafuta hayo. Karai letu lilitaka karibu lita nzima ili kupika mahamri 15, na mafuta yanayobaki yakipashwa moto mara ya tatu au ya nne huwa meusi na kunuka, hata ikabidi kuyamwaga. Jirani yetu hupasha karai lake mara moja akatoa mahamri 200. Moto wake, hamira yake na mafuta yake hugawanywa kwa 200; vyetu viligawanywa kwa 15. Tulipojumlisha tuliona kwamba tulikuwa tukiokoa shilingi 20 kwa siku, na shilingi 20 hizo zilikuwa zikilipwa kwa usingizi wa mke wangu, aliyekuwa akiamka saa kumi alfajiri ili unga uwahi kuumuka. Siku ya tisa jirani alinisimamisha njiani, akaniuliza kwa upole kama kuna neno baya alilotutendea. Sikuwa na jibu la kumpa. Siku ya kumi mtoto alitumwa tena na sahani.

Ndipo nilipoanza kuamini jambo ambalo wanaotuhimiza kubana matumizi hawalitaji mara nyingi: si kila kinachopikwa nyumbani ni cha bei nafuu. Vyakula vinavyotaka mafuta mengi, mkono mzoefu na jiko lililokwisha kuwaka, kama vile mahamri, viazi karai, bajia, au mkate wa mofa ambao una jiko lake la peke yake, vinamfaa zaidi yule anayevipika kwa wingi na kuviuza. Vinavyotaka muda, maji na moto wa taratibu, yaani mbaazi, kunde, maharagwe, mchuzi na wali, ndivyo vinavyomlipa anayepika kwake. Kwa hiyo tuliigawanya ile sahani na lile bakuli. Mahamri tunanunua, mbaazi tunapika, na mgawanyo huo peke yake umetuachia zaidi ya shilingi 2,000 kila mwezi.

Mbaazi zina adabu zake. Wengi huzitia magadi ili ziive upesi, na ni kweli magadi hulainisha ganda, lakini pia huharibu vitamini B1, na yakizidi huacha ladha ya sabuni. Kuziroweka usiku kucha na kuyamwaga maji ya kurowekea hupunguza muda wa kuchemsha bila ya gharama yoyote, na hupunguza pia gesi tumboni, jambo ambalo mamangu hulieleza kwa maneno ya wazi kuliko haya yangu. Sisi hupika kilo nzima kwa mara moja, tukatenga sehemu ya siku hiyo, na zilizobaki tukazigandisha bila tui. Tui huingia siku ya kuliwa.

Lakini kinachokula pesa jikoni kuliko mbaazi na kuliko nazi ni moto. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, makaa yalipanda bei mbele ya macho yetu. Tulipokimbilia gesi, Julai 2021 ikatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, kisha ikaondolewa kabisa Julai 2023. Huwezi kuiongoza sufuria kwa kusubiri Bunge lisome bajeti. Linalowezekana ni kupunguza dakika ambazo jiko linawaka, na kwa hilo tulitengeneza kikapu: kikapu kipana cha ukili, ndani yake blanketi kuukuu, juu yake mto wa sufi. Mbaazi zilizorowekwa huchemshwa kwa nguvu dakika 20, sufuria ikafunikwa barabara na kuwekwa kikapuni, ikafukiwa kwa ule mto, nazo huendelea kuiva kwa joto lake lenyewe kwa saa nne hivi, moto ukiwa umekwisha kuzimwa. Baada ya hapo hurudishwa jikoni kwa muda mfupi tu ili kutiwa tui. Anayetaka kufanya hivyo kwa maharagwe mekundu ahakikishe yamerowekwa, maji yake yamemwagwa, na yamechemka kwa nguvu kabla ya kuingia kikapuni, kwa maana yana sumu yake ya asili ambayo joto la uvuguvugu haliiondoi.

Kuhusu nazi, nilikuwa mwanafunzi mbaya. Nimekulia Mombasa, nimekula tui maisha yangu yote, na sikuwahi kukaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi mpaka nilipoona aibu kuendelea kutoa amri kuhusu jikoni ambamo sikufanya kazi yoyote. Mara ya kwanza nilikamua nazi mbili, nikalichanganya tui lote, nikalimwaga sufuriani kwa pamoja, nikaongeza moto, nikaenda zangu kusikiliza taarifa ya habari. Tui likakatika. Usiku ule tulikula mbaazi zilizoelea katika maji na mafuta, kila kimoja upande wake. "Wapika kama mtu mwenye minazi," mamangu aliniambia, na sijapata kusikia karipio lililobeba somo la uchumi kama lile. Alinionyesha upya. Tui la kwanza, lile zito, hukamuliwa kwa maji kidogo sana na kuwekwa kando. Chicha hurudiwa kwa maji ya vuguvugu, mara ya pili na ya tatu, ikachujwa kwa kifumbu, na tui hilo jepesi ndilo linalopikia wali au kuivishia mboga. Zito huingia mwisho, moto ukiwa mdogo, mwiko haupumziki. Kwa njia hiyo nazi moja hufanya kazi ambayo mimi nilizitaka mbili. Chicha inayobaki huenda kwa kuku wa jirani au husugulia sufuria, na kifuu huwashia makaa siku tunapochoma samaki. Tui la pakiti lina nafasi yake siku za haraka, nami silitukani, ila pakiti haiachi kitu cha kumpa kuku.

Tangu hapo kukuna nazi ni zamu yangu, na mtoto wetu mkubwa wa kiume ndiye anayeroweka mbaazi kabla ya kulala. Nasema hili kwa sababu naona hesabu nyingi za kubana matumizi zikisahau safu moja. Familia husema imeokoa pesa kwa kuacha kununua chakula nje, kumbe imehamisha gharama kutoka mfukoni mwa baba kwenda mgongoni mwa mama. Kama kazi ya mke wangu ingeandikwa kwenye lile daftari kwa bei ya kibarua, wiki yetu ya mahamri ingekuwa hasara tupu.

Samaki naye amenifundisha kuutazama upepo, ambao zamani ndio uliokuwa kalenda ya jikoni. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hivi hadi Machi, bahari hutulia na wavuvi hutoka kwa wingi. Kusi likishika, kuanzia Aprili na kuendelea, bahari huchafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, na bei ya changu na tafi hupanda. Wazee hawakugombana na jambo hilo. Samaki wa kaskazi walipasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa wakawa ng'onda wa kuliwa kusi, na mchuzi wa nazi wa ng'onda si mlo wa mtu aliyekosa. Ni mlo wenye heshima yake. Sisi twataka nguru mbichi Juni kwa bei ya Januari, kisha twamlaumu mchuuzi.

Kiporo nakitetea, lakini kwa sharti. Wali wa jana uliopashwa moto na kuliwa kwa chai ni akiba halali kabisa, ila kwa joto la Mombasa usiachwe juu ya meza usiku kucha, kwa kuwa baadhi ya vijidudu vinavyoota katika wali huacha sumu isiyoondoka hata ukipashwa moto. Upoe upesi, uingie kwenye friji. Asiye na friji na apike unaotosha, kwani hospitali haina nafuu.

Niwe mkweli pia kuhusu upande mwingine. Ushauri wa kununua kwa wingi ni mwepesi mdomoni mwa mwenye mshahara, hata uliopunguzwa. Anayelipwa jioni kwa kazi ya mchana hununua mafuta ya kupima na sukari robo kwa sababu hizo ndizo pesa alizo nazo, na anajua vizuri kuliko mimi kwamba kwa kila lita analipa zaidi ya tajiri. Kumwambia anunue mtungi wa lita tano ni kumfanyia kejeli. Kilichosaidia mtaani kwetu ni kuchanga: nyumba nne hutoa pesa kila Ijumaa, mmoja wetu akaenda soko la Kongowea mapema akanunua gunia la viazi na la vitunguu, tukagawana kwa mizani. Hatukuipa jina wala mwenyekiti, na nadhani ndiyo sababu bado ipo.

Ramadhani ilitupima zaidi ya miezi mingine. Ni ajabu kwamba mwezi wa kufunga ndio mwezi ambao kurasa za daftari hujaa upesi. Tulipunguza aina za futari kutoka saba hadi tatu, tukabaki na muhogo wa nazi, tambi na kaimati, na hakuna aliyelalamika baada ya siku ya tatu. Sahani zinazokwenda kwa majirani hatukuzipunguza, wala hatukuziandika. Jirani wa mahamri alituletea kaimati zake, na kwa kuwa sahani hairudi tupu, mamangu aliirudisha na bakuli la mbaazi zilizotoka kikapuni. Kesho yake jirani alikuja mwenyewe, si kwa sifa za upishi, bali kuuliza zimetumia gesi ya muda gani. Alipoambiwa, alikinyanyua kikapu, akaubonyeza mto, akauliza ukili ulinunuliwa wapi. Sasa anataka nimtengenezee cha kutosha sufuria ya kilo tano, ile anayopikia mbaazi za kuuza. Ukili nimekwisha kuupata. Sufi ya kujaza mto wa ukubwa huo ndiyo ninayoitafuta bado.