Kama umenuna, sema umenuna

Mpwa wangu kasimamishwa kazi kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Hakuiba, hakuchelewa. Kosa lake eti "hajui kumsoma mteja". Alikuja mama mmoja kurudisha koki inayovuja, akaibamiza kaunta, mdomo kaubana, ndita zimejaa kwenye paji la uso. Kijana akampokea na tabasamu lake lile lile la kila siku: "Karibu mama, leo tukupe nini?" Basi, ikawa dharau. Jioni bosi akampigia simu dada yangu kumweleza kwamba kalea mtoto asiye na utu.

Hapo kwenye utu ndipo nilipochemka.

Huyu kijana tangu mdogo ukimnunia haoni. Ila ukimwambia "umeniudhi", anashtuka na kuomba radhi mpaka unamhurumia wewe. Kwenye misiba ndiye anayefunga maturubai na ndiye anayebaki kusugua masufuria wengine wakishaondoka. Sasa nendeni Makoroboi. Yupo mama muuza vitenge pale, ukigusa kitambaa tu ameshaona jicho lako limetua wapi, na bei inapanda kabla hujafungua mdomo. Anasoma sura kuliko mtu yeyote ninayemjua, na kipaji chote hicho anakitumia kukukamua. Yeye ndiye mwenye utu?

Haya, bosi ana haki kidogo. Biashara ni biashara, na mama yule harudi. Lakini koki iliyotumika inaporudi dukani, kweli mpaka usome sura ya mtu? Mfundishe kijana: kitu kikirudi, anza na pole. Angelishika hilo siku hiyo hiyo, na lingemsaidia hata kwa mteja anayechekacheka huku moyoni anawaka.

Kusoma nyuso hatukugawiwa sawa, na hili limeshapimwa. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Simon Baron-Cohen na wenzake kule Uingereza walitoa toleo jipya la jaribio lao la picha 36 za macho matupu, bila pua wala mdomo. Kila picha ina maneno manne, uchague moja linalotaja hali ya mwenye macho. Watu wazima wenye akili timamu wanapishana sana alama. Wanawake kwa wastani wanawazidi wanaume kidogo (msianze). Wengi wenye usonji, ile hali ya kuzaliwa nayo inayofanya kuelewana na watu kuwe kugumu, wanapata shida zaidi. Uzee nao unapunguza, hasa kutambua hasira na huzuni, kwa hiyo babu anayeendelea na hadithi wakati wote mmeshachoka, mvumilieni.

Tena hata hicho kinachosomwa si maandishi ya wazi. Watafiti wa Marekani walipeleka picha za nyuso kwa Wahadzabe, hapo hapo kwetu Ziwa Eyasi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Kutenganisha sura ya furaha na ya karaha, sawa. Lakini kusema huyu ana hasira na yule ana huzuni, mara nyingi majibu hayakufuata kile ambacho vitabu vya kizungu vilitabiri.

Na sisi wa Kanda ya Ziwa ndio tungekuwa wa mwisho kujigamba. Tunamfundisha mtoto ainamishe macho mbele ya mkubwa, halafu akienda kwenye usaili tunasema haangalii watu usoni, ana jambo anaficha. Hilo bado dogo. Bibi zetu wameuawa kwa mapanga Usukumani kwa sababu ya macho mekundu. Macho yaliyokaa kwenye moshi wa kuni na samadi miaka nenda rudi, akipikia watoto na wajukuu, mtu akayatazama akasema nimeusoma uchawi. Na alikuwa na uhakika kabisa, kama bosi wa mpwa wangu.

Nyie mnaonuna nyumbani siku tatu mkisubiri mwenzenu abahatishe kosa lake, sijawasahau. Mdomo mnao. Konda wa daladala ya Igoma akiwazidishia mia mbona mnautumia vizuri tu?